Kuwasha na kupasha moto injini ya pikipiki asubuhi ya baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayelaza pikipiki nje kule Makete, Njombe, Mafinga au Timboroa anaijua adha yenyewe. Jana jioni iliwaka kwa kiki moja. Leo saa kumi na mbili asubuhi unapiga kiki mpaka unavua koti. Ikishawaka, mmoja anaiacha ingurume robo saa huku akinywa chai, mwingine anavuta resi hadi mwisho ili "ipate moto haraka", na wa tatu anapakia abiria papo hapo na kuukabili mlima. Wote watatu wanaitafuna injini, kila mmoja kwa namna yake.

Njia yenyewe ni fupi: choki kwa muda mchache, silensa dakika 1 au 2, kisha kilomita 2 au 3 za kwanza kwa upole. Kwa silensa tunamaanisha mwendo wa injini usipogusa resi. Injini hupata moto vizuri zaidi ikifanya kazi nyepesi barabarani kuliko ikinguruma imesimama.

Maelezo haya yanahusu pikipiki zilizojaa vijiweni: silinda moja, cc 100 hadi 150, inapozwa kwa upepo, ina kabureta. Boxer, HLX, Honda, Haojue, SanLG na nyingine za jamii hiyo.

Kwa nini inagoma

Petroli haiungui ikiwa bado majimaji. Inaungua ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa, na injini iliyokwisha kupata moto hutaka kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Chuma kikiwa baridi, mvuke huo unagonga ukuta wa njia ya kuingilia hewa, unarudi kuwa matone na kunata hapo. Plagi inachoma cheche, lakini petroli iliyofika ni kidogo mno. Choki ipo kwa ajili ya hilo tu: inazidisha petroli ili, pamoja na ile iliyonata njiani, ibaki ya kutosha kuwaka. Haiongezi joto. Wanaoiacha wazi, yaani ikiendelea kufanya kazi, wakidhani inapasha injini wanamwaga petroli bure, na petroli inayozidi inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, ringi zinabaki zikisuguana na chuma kikavu.

Wa nyanda za juu wana jambo la ziada ambalo wa Pwani hawalijui. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, na Timboroa inapita 2,700. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, lakini kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyozoea. Yaani baridi inapunguza petroli inayowaka, huku mwinuko ukiizidisha. Ndiyo maana huku juu choki inatakiwa, ila kwa muda mfupi kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana plagi hulowa upesi sana. Pikipiki iliyosetiwa Dar ikaletwa Njombe bila kuguswa hutoa moshi mweusi na kunywa mafuta; mwambie fundi aipunguzie petroli kwenye kabureta kabla hujaanza kulaumu baridi.

Oili nayo inakuwa nzito usiku. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayoeleza tabia yake kwenye baridi: ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi asubuhi. Oili ya 20W-50 inayouzwa kila duka haigandi hata Kitulo kwenye sakitu (umande ulioganda), lakini inachelewa kupanda hadi juu kwenye vavu, na kiki inakuwa nzito. Kitabu cha pikipiki yako kikiruhusu 10W-30 au 10W-40, itumie miezi ya kipupwe. Utaona tofauti kwenye kiki ya kwanza kabisa. Hakikisha kopo limeandikwa JASO MA au MA2. Oili ya gari dogo yenye dawa za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, kwa kuwa klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini.

La mwisho ni pistoni. Pistoni ni ya aluminiamu, na kwenye injini nyingi za aina hii inatembea ndani ya chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikiwa baridi pistoni inapwaya kidogo, ndio ule mlio wa "tak-tak" unaousikia sekunde za mwanzo na kupotea baadaye. Ukivuta resi nyingi mapema, pistoni inatanuka kabla silinda haijatanuka, nafasi kati yao inaisha, na ukuta unakwanguka. Mara nyingi haikwami siku hiyo. Inaanza kutoa moshi wa bluu miezi kadhaa baadaye, mwenye pikipiki anaambiwa ringi zimeisha, na hakuna anayekumbuka zile asubuhi za resi.

Kabla ya kugusa ufunguo

Isimamishe wima kwenye stendi kubwa, mahali pa wazi. Usiiwashe ndani ya chumba wala banda lililofungwa: moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Kufungua dirisha moja hakutoshi.

Angalia oili kwenye kioo cha duara pembeni ya injini au kwenye kijiti. Asubuhi ndiyo wakati mzuri wa kupima maana yote imeshuka chini. Nyingi za saizi hii huchukua lita 1 na kidogo. Ikipungua robo tu ni pungufu kubwa.

Fungua koki ya mafuta, subiri nusu dakika bakuli la kabureta lijae. Kisha kuna hatua ambayo wengi wanairuka: bana klachi, ingiza gia ya pili, isukume mbele na nyuma hatua kadhaa mpaka gurudumu lizunguke bila kukaza. Usiku, oili iliyopoa hugandisha sahani za klachi. Usipoziachanisha, ukiingiza gia ya kwanza injini ikiwa inanguruma pikipiki inaruka mbele au inazima, na jino la gia linakula pigo hilo kila siku. Ikishalegea, rudisha nyutro.

Kuiwasha

Ufunguo ukiwa umezimwa, fungua choki yote na ukanyage kiki polepole mara 3 au 4. Hapo unavuta petroli ndani na kuanza kuisukuma oili. Halafu kanyaga taratibu mpaka usikie inakaza, ruhusu kiki irudi juu, washa ufunguo, na ukanyage mara moja kwa uzito wa mwili mpaka mwisho wa kiki. Kudonoadonoa hakusaidii. Goti liwe limekunjwa kidogo, maana kiki ikirudisha pigo kwenye mguu ulionyooka inaumiza vibaya.

Mkono uwe mbali na resi, au uiguse kwa unywele tu, kutegemea aina ya choki. Ziko mbili. Ya kwanza ni bati linaloziba mdomo wa kabureta, lenye kikono pembeni yake. Hiyo inavumilia resi kidogo sana. Ya pili ni kijipistoni kinachofungua njia yake ya petroli, mara nyingi chenye waya hadi kwenye usukani. Hii ya pili inafanya kazi kwa mvuto wa injini tu, na ukifungua resi mvuto unapotea, choki inakuwa kama haipo. Mtu anavuta choki, anavuta na resi, anapiga kiki ishirini, kisha anasema choki ni mbovu! Na kuzungusha resi mara kadhaa kabla ya kuwasha "kupampu mafuta" ni mazoezi ya kifundo cha mkono: kabureta nyingi za pikipiki hizi hazina pampu.

Anayetumia stata ya kubonyeza azime taa, abane klachi, abonyeze kwa sekunde zisizozidi 5, apumzike 10 hadi 15, arudie. Betri iliyolala kwenye baridi inatoa nguvu pungufu, na kuibana nusu dakika mfululizo kunaimaliza na kuchemsha mota. Ikishindwa mara ya tatu, hamia kwenye kiki. Pikipiki isiyo na kabureta haina choki ya mkono: washa ufunguo, sikiliza pampu ya mafuta ivume sekunde 2 au 3 hadi inyamaze, ndipo uwashe, resi usiiguse kabisa.

Kiki sita au saba zikipita bila dalili, acha. Nusa bomba la moshi. Kama kuna harufu kali ya petroli, plagi imelowa. Funga choki, zima ufunguo, fungua resi hadi mwisho, piga kiki 6 hadi 8 za kukausha, kisha washa ufunguo na ujaribu na resi robo. Ikikataa, toa plagi, ifute na uikaushe kwa kitambaa, pima mwanya: nyingi za saizi hii zinataka milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi inayofanya kazi vizuri ina rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli inazidi au choki inasahaulika. Yenye utelezi wa oili inasema ringi au sili za vavu zimechoka.

Kama plagi ni kavu kabisa, petroli haifiki. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo hujitangaza yenyewe. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kwenye baridi, kwa hiyo pikipiki inayogoma kila asubuhi na kuwa nzima kabisa mchana, kwanza ibadilishie kituo au muuzaji wa chupa. Maji nayo: tangi likilala nusu, unyevu wa hewa unageuka matone ndani yake na kushuka chini. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue juu ya kikopo cheupe, na kama kuna maji utayaona yametulia chini ya petroli.

Kwenye baridi kali, kitu kinachosaidia kweli ni kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto, kikakamuliwa sana, kikazungushwa kwenye bakuli la kabureta kwa dakika 2. Kumwagia injini birika zima kunapeleka maji kwenye eya klina na waya za umeme. Jiko la mkaa chini ya injini, jambo ambalo bado linafanyika, liko sentimita chache kutoka kwenye kabureta inayovuja na tangi la petroli. Hatuna la kusema zaidi.

Dakika mbili za mwanzo

Imewaka. Usivute resi. Sekunde 10 hadi 15 za mwanzo oili ndiyo kwanza inapanda kwenye vavu, na resi ya wakati huu ndiyo inayokula zaidi kuliko zote. Ikitaka kuzima, ishikilie kwa resi ndogo ya kutosha tu isife.

Baada ya sekunde 20 au 30 rudisha choki nusu. Injini ikipandisha mwendo yenyewe, au ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi, inakuambia petroli imezidi, ifunge yote. Kwa nyuzi joto 15 hivi choki isipite nusu dakika. Kwa nyuzi 5 hadi 10, dakika moja. Asubuhi ya sakitu, dakika 2, na silensa nyingine 1 baada ya hapo. Kipimo cha kuondoka si saa, ni hiki: choki imefungwa yote, silensa imetulia bila kusaidiwa, na ukiigusa resi kidogo injini inaitika bila kusitasita. Huhitaji silinda iwe ya moto wa kuunguza mkono; uvuguvugu unatosha kuanza safari.

Kwa nini si dakika kumi na tano? Kwa sababu injini kwenye silensa inachoma petroli kidogo, inapata joto polepole, na muda wote huo inafanya kazi katika hali ile tunayotaka ipite haraka. Masizi yanajengeka kwenye plagi, petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Kisha kuna maji. Lita 1 ya petroli ikiungua huzaa maji karibu lita 1, yakiwa mvuke. Bomba la moshi likiwa la moto mvuke unatoka wote; likiwa baridi unageuka matone ndani, na bomba linaoza kutokea ndani kwenda nje. Matone yanayodondoka mwishoni mwa bomba asubuhi na ule moshi mweupe unaopotea haraka hewani ni hayo tu, si ugonjwa.

Maji hayohayo huingia pia kwenye oili. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa, pikipiki inafanya safari fupi mno, haipati moto wa kutosha kuyakausha. Dawa yake ni safari ya nusu saa mfululizo mara moja moja, na kubadilisha oili mapema kuliko kawaida miezi hii.

Kilomita za kwanza

Pikipiki nyingi za kazi hazina mshale wa mizunguko, kwa hiyo tumia gia na spidi. Badilisha mapema: gia ya pili isipite kilomita 20 kwa saa, ya tatu 30, ya nne 40 hadi 45, resi isizidi nusu. Lakini usiibane kwenye gia kubwa mpaka itetemeke. Kuilazimisha ipande kwa gia ya nne ikiwa baridi kunaumiza sawa na kuipigisha kelele. Ikizubaa, shuka gia.

Mzigo ndio mtego wa bodaboda. Kijiwe kikiwa chini ya mlima, kama ilivyo kwa vingi vya Lushoto na Makete, ondoka nyumbani mapema kidogo ili kilomita hizo mbili au tatu uzimalize kabla ya kufika kijiweni. Mteja wa kwanza wa asubuhi apande injini iliyokwisha kulainika. Breki na matairi navyo vimepoa, na umande juu ya lami unateleza, kwa hiyo upole huo unakulinda na wewe.

Inapogoma kila siku

Pikipiki nzima, hata Makete, huwaka ndani ya kiki tatu nne. Isipofanya hivyo kila siku, baridi inafichua ubovu uliokuwepo.

Ikidai choki hata baada ya dakika 5 za mwendo, jeti ndogo ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) imeziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka na unavuta hewa. Jeti isafishwe kwa hewa ya kompresa au uzi wa plastiki. Fundi akitoboa kwa waya wa chuma tundu linapanuka, na tangu hapo itakunywa petroli mpaka ununue jeti nyingine.

Ikiwa kiki ni nyepesi isivyo kawaida asubuhi na inakaza vizuri ikipata moto, pima tapeti, yaani nafasi ya vavu. Vavu zilizobanwa sana hazifungi vizuri, mgandamizo unavuja. Injini nyingi za aina hii zinataka nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.10, kitabu kitakupa namba kamili, na kazi hiyo inafanywa injini ikiwa baridi, ikiwezekana imelala usiku mzima.

Silensa ni kinyume chake: iseti baada ya injini kupata moto, mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika kwa nyingi za hizi. Kuna mafundi wanaopandisha skrubu ya silensa asubuhi ili isizime, mteja anaondoka amefurahi, na mchana pikipiki inanguruma yenyewe kama imeshikiliwa resi.

Na ipo hali moja ya milimani inayowachanganya hata mafundi. Pikipiki imewaka vizuri, imetembea kilomita kadhaa kwenye ukungu mzito, ghafla silensa inapotea, inakosa nguvu na kuzima. Ukisimama dakika 5 inawaka kama hakuna lililotokea. Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, kabureta inapoa chini ya nyuzi sifuri hata kama nje ni nyuzi 5 au 8, na unyevu wa ukungu unageuka barafu ndani yake. Ukifungua kabureta gereji hukuti kitu, barafu imeshayeyuka. Ikikukuta, zima na usubiri dakika 5 hadi 10. Joto la silinda litapanda lenyewe hadi kwenye kabureta. Kwenye mteremko mrefu wenye ukungu usifunge resi moja kwa moja, iache wazi kidogo, kwa sababu resi iliyofungwa ndiyo inayobakiza tundu dogo kabisa la kuzibwa na barafu.